Ikate Kwanza

Anayeisifu nyanya kabla ya kuikata hajui anachokisifu. Naliweka hili mbele kwa sababu nimechoka kulisema kwa upole.

Jumapili ya shukrani ya mavuno, pale Dilolo, Kongo karibu na mpaka wa Angola, watu huja kanisani na walichojaliwa na udongo: mihogo, mahindi, karanga, asali kwenye chupa ya bia, kuku aliyefungwa miguu anayepiga kelele katikati ya mahubiri. Ibada ikiisha panakuwa na mnada, fedha inaingia mfuko wa kanisa, na wote wanarudi nyumbani wameridhika. Msimu uliopita mimi sikuridhika. Beseni moja la nyanya lilinadiwa mpaka likapita bei ya jogoo, vigelegele juu. Nyekundu toka juu hadi chini, mviringo mtupu, zote kimo kimoja, ngumu. Zilikuwa zimeshuka kwenye lori siku mbili kabla. Pembeni palikuwa na kapu la mama mmoja anayelima dembo, bonde lenye unyevu. Nyanya zake zina makunjo, zina mabega ya kijani, mbili tatu zimepasuka karibu na kikonyo zikajiponya. Lilikwenda kwa bei ya kuonea haya. Bwana mmoja mwenye tai na shahada akaninong'oneza: "Hizi angezipika tu kwake, asingezileta mbele za Mungu."

Basi mwongozo huu ni wa bwana yule na wenzake, maana kila mwaka wanazidi kuongezeka.

Tumalizane kwanza na rangi. Wekundu hauthibitishi kitu. Nyanya iliyokwisha komaa itageuka nyekundu popote: gizani, ndani ya katoni, chini ya gunia, kwenye lori lililokwama foleni ya mpakani Kasumbalesa. Zile zinazotoka Zambia na Afrika Kusini kuja Lubumbashi na Kolwezi huchumwa kwa hesabu ya barabara, si kwa hesabu ya mlaji, na mbegu zake zilichaguliwa kwa ajili ya ngozi. Ngozi ivumilie kurundikwa, ivumilie kutupwa chini na vijana wa kupakua, ivumilie jua la mpakani. Kazi hiyo zinaifanya vizuri sana. Ukitaka kitu cha kuvumilia barabara, nunua; ukitaka nyanya, endelea kusoma.

Mabega ya kijani ndiyo yaliyomponza yule mama. Nyanya za asili za bustanini, zikiiva, hubaki na kivuli cha kijani kuzunguka kikonyo, mara nyingine mpaka siku ya kuliwa. Asiyejua huona ubichi. Wazalishaji wa mbegu nao walikichukia kivuli hicho kwa miongo mingi, kwa sababu kinamchanganya mchumaji na kumtisha mnunuzi wa jumla, wakawa wanachagua mimea ambayo tunda lake linabadilika rangi kwa usawa. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha California kule Davis, walionyesha katika jarida la Science kilichopotea njiani: usawa ule wa rangi unatokana na jeni iliyoharibika, na jeni hiyo ikiwa nzima ndiyo inayolipa tunda bichi kijani cha kutosha kujitengenezea sukari lenyewe. Kwa maneno mengine, waliufuta ubaya wa sura wakaondoka na utamu. Mama wa dembo hajasoma jarida lolote. Yeye husema tu kwamba nyanya isiyo na bega ni ya kupamba meza.

Mipasuko nayo nitaitetea, lakini kwa kiasi. Mpasuko uliopona, wenye kovu la kahawia kavu juu karibu na kikonyo, ni wa mmea uliokunywa maji mengi ghafla tunda likiwa linanenepa. Huo naula bila kusita. Tena nasema nyanya yenye kovu ni tamu kuliko isiyo nalo, na asiyekubali aje tubishane. Mpasuko mbichi unaolia maji ni habari nyingine. Kitako cheusi kilicholowa ndani ni habari mbaya zaidi: mkulima alikuwa anamwagilia leo, anasahau kesho na keshokutwa, chokaa ya udongoni haikupata maji ya kuipandisha mpaka kwenye tunda. Mtu wa namna hiyo hata mchicha asipewe kuutunza.

Sasa tufike kwenye kisu, maana hapa ndipo wanapoachana wanaojua na wanaojifanya kujua.

Wengi huikata nyanya wima, toka kikonyoni kushuka kitakoni, na kisu kinapita kwenye ukuta wa chumba kisionyeshe lolote. Ilaze ubavu. Ikate kiunoni, kwa kisu kikali kisicho na meno, kwa mkato mmoja mrefu. Usikandamize. Halafu usiangalie nyama. Najua jicho linakimbilia nyama kwa sababu ndiyo nyingi na ndiyo nyekundu, na kila muuzaji atakuonyesha nyama: "Tazama ilivyojaa, haina maji!" Nyanya isiyo na maji anaisifu! Angalia ute.

Ute ndio ule ulojo unaoshika mbegu ndani ya vyumba. Katika nyanya iliyoiva mtini, chumba kimejaa hadi ukutani, hakuna nafasi ya hewa. Rangi ya ute haiwi nyekundu. Iko kati ya kijani na manjano, na pale ilipoiva sana inaelekea asali. Ukiitikisa sahani, ute unatetemeka lakini haumwagiki. Mbegu zimening'inia humo, kila moja na kijikoti chake, hazigusani na hazijanata ukutani. Mwanga wa dirishani ukipita humo, unazihesabu bila kuzigusa. Hilo ni daraja la kwanza. Ukikuta ute umetiririka wote kwenye ubao na kuacha mashimo, tunda limepita siku zake au limekaa kwenye baridi. Ukikuta vyumba vina hewa na mbegu chache zimeganda ukutani, hiyo ni nyanya ya uwazi, na Kolwezi utaikuta sana mwezi wa sita na wa saba. Mji uko juu ya mita 1,400, usiku wa miezi hiyo ni wa blanketi mbili, na ua la nyanya likipigwa na baridi hiyo chavua yake inakuwa dhaifu, tunda linafunga na mbegu kidogo. Unaweza kuijua hata kabla ya kisu: ina mabapa na pembe, na ukiitupa kwenye ndoo ya maji inaelea bila aibu.

Kwa nini nashikilia ute? Kwa sababu ladha iko humo. Ukali wa nyanya, ule unaofanya mate yatoke, uko zaidi kwenye ute kuliko kwenye nyama. Na kuna kile kingine kinachofanya mchuzi wa nyanya ushibishe kama una nyama wakati hauna: mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, walipima asidi ya glutamiki na kukuta sehemu ya ndani yenye mbegu inayo zaidi ya mara tatu ya ile iliyo kwenye nyama ya nje. Hebu sasa mfikirie mpishi wa hoteli aliyefundishwa upishi wa Kifaransa, anayemenya nyanya, anaikamua mbegu zote na ute wake kwenye ndoo ya taka, anabaki na nyama nyekundu safi, halafu anafungua paketi ya kiungo cha dukani kurudisha alichokitupa. Nimeiona ndoo hiyo. Ningeiomba nikanywe na bukari, ugali wetu.

Kuna mzee mmoja Kolwezi, mstaafu wa kampuni ya madini ya Gécamines, ambaye wauzaji wa jumla humwogopa. Hanunui katoni mpaka achague nyanya moja iliyo bado ya kijani, akitoe kisu chake mfukoni, aikate kiunoni mbele yao. Halafu anavaa miwani na kutazama mbegu. Nyanya ikiwa imekomaa kwa mama yake, hata kama bado ni ya kijani, ute umekwisha jaa, na kisu kikipita mbegu zinateleza, zinakikwepa. Ikiwa ilichumwa kabla ya wakati, hakuna ute wa kuzisukuma. Zimekaa imara na kisu kinazipasua katikati, unaziona nusu nusu, nyeupe. Akiona nusu hizo anaifunika katoni, anasema "Asante, baba," na kuondoka. Katoni ile itakuwa nyekundu yote baada ya siku chache, na watu watainunua, na itakuwa na ladha ya katoni. Wanaoshughulikia mazao baada ya kuvunwa wanakijua kipimo hiki duniani kote na wamekiandika kwenye vitabu vyao. Mzee alikipata kwa mkewe.

Kisu kiwe kikali, narudia. Kisu butu hupasua mbegu za nyanya yoyote, na utamsingizia mkulima bure.

Harufu wanaikosea pia. Nenda soko lolote, utaona mtu anainusa nyanya kwenye kikonyo, anafumba macho, anasema "Hii ni ya bustani." Harufu ile kali ya kijani hutoka kwenye majani na kikonyo, kwenye vinyweleo vyake, na inakwambia tu kwamba kikonyo ni kibichi. Walaghai wanalijua hilo kuliko wewe. Mmoja alikuwa na desturi ya kuchuma majani ya nyanya asubuhi, kuyafikicha na kuyatandaza juu ya beseni la nyanya za lori. Soko zima lilinukia shamba. Mwingine alizipaka mafuta ya kupikia kwa kitambaa, hilo ni la zamani na linajulikana. Aliyenivulia kofia, au tuseme niliyemvulia mimi, ni kijana aliyegundua kwamba wateja wa mjini wameanza kudai nyanya "ya kwetu." Akawa anamwaga nyanya zake za Afrika Kusini chini, anazinyunyizia maji, anazirushia vumbi jekundu, anazipanga upya kwenye kapu la matete na majani machache. "Tomati ya Dilolo, mama, imetoka asubuhi hii!" Na aliuza. Vumbi ndilo walilokuwa wakinunua.

Nusa kitakoni. Nyanya iliyoiva vizuri hunukia chini, taratibu, kwa utamu ulio karibu na tunda la mti. Kama kitakoni hakuna harufu, weka chini, hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Upande wa wanaoweza, sitasahau kutaja vifungo. Ukifika kwenye bustani ya mtu, kabla ya kuomba kuonja, tazama mmea umefungwaje kwenye kijiti chake. Aliyefunga kwa waya ana haraka na hana huruma. Waya utakata shina likinenepa. Kamba ya katani ni ngumu, inachubua. Kamba ya nailoni ya magunia haifai kutajwa. Bustani bora niliyopata kuiona Dilolo ilifungwa yote kwa vipande vya vikwembe, yaani vitenge, na mwenyewe, mama wa makamo anayeshona mablanketi ya vipande kwa mabaki ya mafundi cherehani, alikuwa amekaa chini ya mwembe na kazi yake magotini, huku nyanya zikiwa hatua chache nyuma yake.

Nilimtazama akikata. Kwenye blanketi, kila kipande alikikata kwa kufuata uzi, mraba wake unyooke, maana kipande kilichokatwa kombo hunyumbuka, na baada ya kufuliwa mara mbili blanketi zima linakwenda upande. Lakini vya nyanya alivikata hanamu makusudi, upana wa kidole, kwa sababu hiyohiyo: kitambaa cha hanamu hunyumbuka, na shina linaponenepa kinalifuata. Akazungusha mara mbili kwenye kijiti, akakaza fundo upande wa kijiti, kisha akapeleka kitanzi kwenye shina, chini ya jani, kikapishana katikati kama tarakimu nane. Kitanzi cha shina kilikuwa kilegevu, kidole changu kilipita. Alifanya hayo bila kuangalia, akimwimbia mjukuu aliyekuwa anachungulia siafu. Nyanya za mahali hapo sikuhitaji kuzikata, ila nilizikata.

Wanaodai kwamba kushona na kulima ni kazi mbili tofauti hawajakaa na akina mama hawa jioni. Wale wa Kipendano, umoja wa akina mama wa Kimethodisti, na wenzao wa upande wa Katoliki hushika sindano baada ya maombi. Mablanketi yanakwenda kwa bibi harusi, kwa mtoto mchanga, kwa mjane, na mabaki ya mabaki yanakwenda bustanini. Kwenye vijiti vya nyanya za mama yule ungesoma historia ya mtaa: kikwembe cha msiba fulani, kikwembe cha sikukuu ya wanawake, kipande cha sare ya kwaya iliyokwisha vunjika.

Mikono hiyo haikuota yenyewe. Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937 na kampuni ya madini ya Union Minière, na kambi zake zilikuwa na foyer social ambako wake za wafanyakazi walifundishwa kushona, kufuma, kupika, kulea kwa mtindo uliopendwa na kampuni. Wasomi wanaandika, na wana haki, kwamba ilikuwa njia ya kuwatawala wanawake mpaka jikoni. Bibi zetu walichukua cherehani, wakaliacha somo. Nyuma ya kila nyumba ya kambi palikuwa na kipande cha ardhi, na nyanya za pale zilikuwa Marmande, zenye makunjo na vyumba vingi, mbegu ya kutoka kusini-magharibi mwa Ufaransa, au zile nyingine zisizo na jina zilizopokezanwa kwenye vikaratasi. Kampuni ikawa Gécamines. Kisha ikaanguka, na mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoshwa kwa malipo ya mkupuo, kuondoka kulikoitwa kwa hiari. Wengi walishika jembe. Wapo waliokuwa wanaendesha mitambo mikubwa ya shimoni ambao sasa wanapanga matuta kwa kamba na bilauri ya maji, na matuta yao yamenyooka kuliko ya mtu yeyote.

Na reli. Tangu mwaka 1931, njia ya Benguela ya upande wa Angola ilipounganishwa na ya Katanga, Dilolo palikuwa mlango. Treni ya kutoka pwani ya Atlantiki iliingilia hapo kwenda Kasaji, Mutshatsha na Kolwezi. Wazee wanasimulia mabeseni yakipandishwa hadi kwenye madirisha ya mabehewa, abiria akinunua nyanya kwa kuikata palepale na kuinyunyizia chumvi aliyotoka nayo nyumbani. Vita vya Angola viliifunga njia hiyo toka mwaka 1975. Tangu reli ya upande wa Angola ifunguliwe tena hadi Luau mpakani, mwaka 2015, mabehewa ya madini yameanza kupita, na tunaambiwa dunia nzima inaitazama njia hiyo ya kwenda Lobito. Shaba hainunui nyanya dirishani. Ilikuwa bora zamani, nasema hivyo kwa kukusudia, walau kwa habari ya nyanya.

Jambo moja ambalo ulimi hautakuonyesha: maji. Nyanya ya bonde lililo chini ya kiwanda cha kuchenjua madini inaweza kuwa na bega, ute, harufu na kila kitu, na bado usiitake. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga; kobalti ilikuwa juu kupita kiasi, hasa kwa watoto, na vumbi na chakula vilitajwa miongoni mwa njia zake. Kwa hiyo nikiwa Kolwezi swali langu la kwanza kwa muuzaji ni kijito gani, na la pili ni kinatoka wapi. Asiyejua kijito chake simnunulii. Kuosha kunaondoa vumbi la juu, na ufanye hivyo siku zote, ila kilichopanda kwa mizizi hakioshwi. Hapo ndipo Dilolo inapokuwa na haki ya kujivuna, mradi usisogee Kisenge kwenye manganizi.

Mengine nitayataja bila kuyatolea sababu ndefu, kwa kuwa nina haki hiyo. Nyanya ya kiangazi inaizidi ya masika. Mvua ikishashika, toka mwezi wa kumi na moja hivi, ukungu unakula majani na mkulima anapigana vita badala ya kulea. Mmea umwagiliwe asubuhi, chini, kwenye shina. Anayemwagilia majani jioni anaualika ukungu kulala kwake. Nyanya haichumwi na mtu mwenye hasira. Haiuzwi kwa kilo. Fungu ndilo kipimo cha heshima, kwa sababu fungu linaweza kuongezewa moja. Roma haihesabiwi: ilitengenezwa Marekani miaka ya 1950 kwa ajili ya kopo, ina vyumba viwili vitatu na ute wa kijiko, na watu wanaipenda kwa vile haichafui ubao. Itieni kwenye sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, sitasema neno. Kwenye sahani ya kuliwa mbichi isiwepo. Chumvi inakuja baada ya tonge la kwanza, kamwe si kabla.

Na friji. Mwenye shahada yule ana friji, nina hakika, na beseni lile, kama ndiye aliyelinunua, liliingia humo jioni ileile. Chini ya nyuzi 12 hivi, nyanya inaacha kutengeneza manukato yake. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walieleza kwamba baridi ya nyuzi 5, ikikaa siku kadhaa, huzinyamazisha jeni zinazounda harufu, na ukiitoa na kuiacha ipate joto hairudishi yote. Hapa umeme unatusaidia kwa kukatika. Weka nyanya mezani, kikonyo kikiwa chini, zisigusane. Zinazobaki kijani mwishoni mwa msimu zifunge kwa kitambaa pamoja na ndizi moja mbivu. Utapata kitu cha kupikia, usitarajie zaidi.

Ukipata nyanya moja ya daraja la kwanza, usiile yote. Chagua chumba kimoja, kamua ute na mbegu zake kwenye kikombe, tia maji kidogo, acha siku mbili tatu kivulini mpaka juu papate utando. Ule ute unaozizuia mbegu zisiote ndani ya tunda lazima uoze kwanza ndipo mbegu iwe huru. Osha kwa maji mengi. Zinazoelea zimwage, zilizozama ndizo zako. Zianike kwenye kipande cha kitambaa, si kwenye gazeti, maana zitanata na utazibandua na habari za mwaka juzi. Ikiwa nyanya yenyewe ilitoka kwenye paketi iliyoandikwa F1 usijisumbue, watoto hawatafanana na mama. Na kikombe kikae nje ya nyumba, kinanuka vibaya, wala usimwambie mgeni ni cha nini.